Sista Zipporah na Safu Iliyopigwa Stepla

Miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, na Ijumaa hii saa kumi jioni Sista Zipporah Kaviha anavua koti jeupe na kustaafu. Wasifu wake nimepewa niandike mimi, dereva wa pikipiki ya kliniki yetu ya Garsen, niliyeishia darasa la saba. Wenye diploma waliogopa.

Alianzia Wenje akichanja watoto, kisha akaja hapa kupima sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huhimiza wachumba wapimwe kabla ya mahari. Bibi harusi mmoja amemnunia hadi leo. Siku hizi wazazi wenye vinasaba vya ugonjwa huo huenda Mombasa, mayai yakarutubishwe maabara na kila kiinitete kikapimwe kabla ya kuingia tumboni. Barua ya majibu ina pia safu inayotaja kama kiinitete ni cha kiume au cha kike. Sheria ya kutaja hilo wakubwa bado wanaibishania. Sista ana yake: safu hiyo huikunja na kuipiga stepla isisomeke. Asemavyo, tunakwepa ugonjwa, hatuchagui watoto kama mbuzi mnadani.

Barua ya Nehemiah wa Ngao, mmoja wa wazazi hao, nilitumwa mimi kuipeleka. Nikaiinua juani nisome ndani ya mkunjo, maana macho yangu hayana mpinzani Garsen nzima: mstari wa kwanza, mvulana! Baba yake Nehemiah, Mzee Mwaro, anangoja mjukuu wa kurithi jina lake. Nikamwahi yeye kabla ya mwenye barua. Safu ya ugonjwa sikuisoma. Mvulana niliyemtangaza alikuwa na sikoseli.

Mzee akashikilia awekwe tumboni huyo huyo. Mke wa Nehemiah akalia siku mbili. Sista hakunifukuza. Alimketisha mzee kando ya kitanda cha mjukuu wake wa kwanza, binti mwenye sikoseli, siku maumivu ya mifupa yalipomshika. Mzee alitoka macho mekundu.

"Sista, fanyeni mnavyojua. Jina langu halina haraka." Kisha akanigeukia: "Na wewe, pikipiki yako ina breki, mdomo je?"

Familia imeniruhusu kuyaandika haya. Kiinitete kisicho na ugonjwa kimewekwa. Cha kiume au cha kike? Safari hii sijui, wala siulizi. Damu ya kuonyesha kama mimba imeshika inapimwa Ijumaa hii hii, na kliniki nzima tunatafuna kucha.

Asante, Sista. Ukapumzike Kipini kwa dada yako, ule samaki, ulale usingizi usio na simu. Stepla umeniachia mimi, na barua siinui tena juani. Ila Ijumaa tafadhali, koti usilivue kabla damu haijajibu.