Ufunguo kwa Kaka, Rota kwa Dada

Ingieni wote wawili, wanangu, na huyo mnunuzi aliyeegesha lori lake pale langoni mwambieni asubiri, maana mimi bado sijafa na nyinyi mmeshaanza kugawana. Mlidhani nimelala, kumbe nimesikia yote. Kaka mtu ana ufunguo wa gari langu mfukoni. Dada mtu amechomoa rota, kale kadude ka kwenye distributa ambako bila hako injini haiwaki ng'o, amekaficha. Gari liko uani halitoki, na nyinyi hamsalimiani. Sasa nisikilizeni, na mtu asinikatize, pumzi yenyewe ndiyo hii ya kuungaunga.

Wewe binti yangu fundi, najua unachokipenda. Magari ya aina hii yalianza kwa askari, vita vilipokwisha yakaja kwa wakulima na wapima ardhi, mabati matupu, springi za kumtikisa mtu mpaka maini, na dereva mwenyewe ashuke kwenye tope afunge loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, ndipo yote manne yavute. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, naye anajiita dereva! Hilo langu umelifungua na kulifunga tangu ulipokuwa hufiki kwenye boneti bila kupanda ndoo. Ndiyo maana kaka yako alipotaja kuliuza ukamwita mwenye tamaa, tena mbele ya mgeni. Niliumia sana.

Usimwite hivyo tena. Na wewe, kifungua mimba wangu, nikunjie uso upendavyo, leo nasema. Uliniapisha nisimwambie dada yako, nami nimekutii miaka yote, lakini kiapo hicho sizikwi nacho.

Binti, siku uliyozaliwa mvua ilikuwa imeikata barabara ya zahanati. Mama yenu alikuwa kiti cha nyuma, uchungu umembana, na kaka yako hajang'oa hata meno ya utoto. Tukanasa kwenye kijito. Ningetoa mguu kwenye breki, maji yangetubeba, kwa hiyo aliyeshuka ni kaka yako. Maji yalimfika kifuani. Akafunga loki ya huku, akazunguka akishikilia bampa, akafunga ya kule, na muda wote mama yake alikuwa akimsemesha dirishani ili asiogope. Gari likapanda. Ulizaliwa ng'ambo ya kijito, ndani ya gari hilo hilo, na mama yenu akafia humo humo kabla hatujaiona zahanati. Kaka yako aliogopa ukijua utajiona wewe ndiye sababu. Akameza yote peke yake. Tangu siku ile hajakanyaga ndani ya gari lile, na sisi tunasema anajivuna. Kila asubuhi akifungua dirisha linamkodolea macho, na wewe unamtaka alitunze.

Usilie kwanza, sijamaliza. Nyumba ni yenu wawili, msijenge ukuta katikati. Karakana na vifaa vyote ni vya binti. Gari ni la kaka. Auze, asiuze, alichome moto akitaka, hakuna wa kumuuliza. Binti, irudishe rota mahali pake leo hii, kwa mkono wako. Na wewe, kaka mtu, usimpe mnunuzi jibu kabla hujakaa na dada yako.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Sogeeni, mikono yenu iko wapi? Mungu awatunze, awape watoto watakaowazika, awaondolee kununiana.

Binti... picha ya mama yako unayo. Sauti yake huijui. Nikifumba macho haya, anayeikumbuka anabaki mmoja tu duniani, naye ndiye usiyempa hata salamu kwa ajili ya bati. Muulize kaka yako, mama alimwambia nini pale dirishani. Muulize sasa, mwanangu... polepole... nami nisikie.