Maua ya Sukari ya Harusi ya Kanana

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na nyinyi mlioinamisha vichwa jina langu lilipoitwa. Inueni vichwa. Mimi sioni haya tena.

Naitwa Gatwiri. Nilizaliwa Muthara, nikaolewa hapa Karurumo, na kazi yangu mnaijua: natengeneza maua ya sukari ya kupamba keki. Nakanda sukari laini mpaka iwe kama donge la chapati, naisukuma ikonde, nakata petali moja moja, nazibandika kwenye waya mwembamba. Meza ya jikoni kwangu imetoa maua ya harusi za Meru na Embu.

Lakini nilikuwa mlevi! Sisemi nilikuwa na shida kidogo. Mlevi! Nilianza tulipomzika mtoto wetu wa pili, mdogo wake Mukami. Nilikunywa ili nilale, baadaye nikanywa ili niamke. Ikafika mahali siwezi kushika petali kabla ya kupiga mafunda mawili, kwa vile mikono ilivyotetemeka.

Ndipo mdogo wangu Kanana akaposwa. Akaniambia, "Dada, sitaki maua ya mtu mwingine." Nilifanya kazi wiki mbili. Waridi, yungiyungi, hata maua ya kahawa, meupe kama yale ya shamba la baba. Siku ya harusi nikafika nimekunywa. Nikapanda kiti niweke ua la mwisho juu ya keki, na ndugu zangu, niliiangukia! Keki yote chini, mbele ya wakwe! Kanana alipiga magoti na gauni lake, akaanza kuokota petali. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Dada, nenda nyumbani."

Heri angenipiga.

Maneno yakaanza. Shangazi walisema nimelaaniwa. Na hapa kanisani, mmoja wenu alisema maua ya sukari ni anasa, ndiyo maana pepo lilinipata. Simtaji, anajijua. Mama, pepo halikuwa kwa maua!

Mume wangu Njeru alinikuta nimeketi sakafuni jikoni. Akasema, "Mama Mukami, tumezika mtoto. Wewe sitakuzika. Vaa viatu, twende hospitali." Nikamwambia Mungu hapo hapo: sina maneno mazuri, nitoe tu kwenye pombe hii. Nikavaa viatu.

Wengine huombewa wakaanguka, wakaamka wazima. Mimi sikuanguka. Nililazwa Embu siku tisa, natoka jasho, naona wadudu ukutani ambao hawakuwepo. Mkasema mtu wa imani hamezi dawa. Nilimeza! Nikaomba, nikameza, nikaomba tena, na Mungu hakuniacha hata siku moja!

Niliporudi, petali zilipasuka vidoleni wiki baada ya wiki. Nilitupa sukari, nikakanda nyingine. Nilisema kwa sauti, jirani wakisikia, "Shetani, wewe umechoka? Mimi sijachoka!" Siku waridi la kwanza liliposimama bila ufa, nililia mpaka Njeru akaja mbio akidhani nimejikata.

Huu ni mwaka wa pili sijaonja tone. Haleluya!

Mwezi uliopita simu ililia. Ni Kanana. "Dada, mtoto anawekwa wakfu Jumapili. Lete keki."

Nikauliza, naogopa, "Na maua je?"

"Keki bila maua ya nini?"

Nikapanda kiti mbele ya shangazi wale wale. Nikaweka kila ua mahali pake, nikashuka polepole. Kanana alinishika mkono, hakuuachilia mpaka chakula kikaisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Njeru, na wauguzi wa Embu ambao hawakunicheka. Na kama uko hapa unakunywa kwa siri, usingoje upone ndipo uje kwa Yesu. Njoo hivyo hivyo, ukinuka! Wakikuangalia vibaya, pita katikati yao uje ukae na mimi. Mimi hukaa kiti cha mbele.