Pua ya Juu: Maisha ya Maman Apolline Cibalonza (1973–2024)

Kwa mujibu wa waraka namba 014 wa tarehe 9 Machi 2021, uliotiwa sahihi na Daktari Hervé Nshombo, mkuu wa huduma ya magonjwa ya kifua, virusi vya njia ya hewa hukaa puani, kooni na mapafuni. Jicho, waraka unasema, si mahali pa kuvitafuta wala si mlango wa kuviingiza. Jina la hospitali tunaliacha, kwa kuwa majengo hayaandiki waraka. Familia imeusoma waraka huo kwa heshima zote, mara kadhaa, hasa juma hili.

Maman Apolline Cibalonza alizaliwa Kavumu tarehe 3 Agosti 1973, mtoto wa pili wa marehemu Papa Aloys, mkulima, na Maman Colette M'Bisimwa, ambaye yuko hapa nasi. Tangu akiwa na miaka tisa, baba yake hakununua mbuzi bila yeye. Apolline alimshika mbuzi kichwa, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama, kisha akasema ndiyo au hapana. Wachuuzi wa soko walilalamika. "Papa Aloys, huyu mutoto hanunuake mbuzi, anamusoma." Baba yake alijibu kwamba wenye mbuzi wazima hawana haja ya kuogopa msomaji.

Alisoma shule ya msingi Kavumu, na sekondari hapa Bukavu. Mwaka wa 1996, mwezi Julai, alimaliza masomo ya maabara. Vita vilifika Oktoba, diploma yake ikamfikia mwaka wa 1999. Katikati alijitolea katika kituo cha utafiti cha Lwiro kwa miezi minane, akiosha vioo vya darubini, na kila alichokiosha alikitazama kwanza.

Tarehe 11 Julai 1998 alifunga ndoa na Papa Gaston Mushagalusa, mwalimu wa jiografia. Siku ya posa, badala ya kuinamisha macho kama alivyofundishwa, alimkazia baba mkwe wake uso mpaka shangazi akamfinya. Baadaye alieleza kwamba mzee alikuwa na manjano machoni. Mzee alipimwa, akatibiwa ini, akaishi miaka kumi na minne zaidi.

Aliajiriwa katika maabara ya hospitali hiyo mwaka wa 2001. Mwaka wa 2020, wagonjwa wa kikohozi walipojaa, aliona kwamba baadhi yao walikuwa na macho mekundu huku kipimo cha puani kikisema hawana kitu. Alimwendea Daktari Hervé.

"Docteur, tujaribu kupima na machozi."

"Maman Apolline, virusi ya mapafu unaitafuta mu jicho? Kesho utaitafuta mu kisigino?"

"Kisigino hakiko rouge, docteur."

"Formulaire iko na kasanduku mbili. Pua na koo. Ya jicho iko wapi?"

Haikuwepo. Kwa hiyo akafanya kosa ambalo familia haitalificha, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Alipitisha kijiti cha pamba chini ya kope ya mgonjwa, na kwenye fomu, ndani ya kisanduku cha pua, akaandika "pua ya juu". Msaidizi wake, Carine, aliogopa. Apolline akamwambia, "Mashini haiulizake fasi gani tuliitoa." Jioni, katika daftari lake la jalada la kijani, aliandika ukweli: tarehe, namba ya mgonjwa, na mchoro mdogo wa jicho.

Miezi michache baadaye Daktari Hervé alihesabu fomu. Wagonjwa thelathini na mmoja walikuwa na kirusi, wote, kwa mujibu wa fomu, kutoka puani. Akaandika waraka namba 014: pua inatosha. Miwani ya kinga ikafutwa kwenye orodha ya mahitaji. Daktari alialikwa Kinshasa kueleza matokeo hayo, na aliyaeleza vizuri.

Kati ya wale thelathini na mmoja, kumi na wawili walikuwa na mchoro wa jicho katika daftari la kijani.

Apolline alimpelekea daftari. Mlango ulikuwa wazi, na Carine, aliyesimama nje, anayakumbuka maneno.

"Ni nani aliandika pua ya juu, maman? Ni miye?"

"Ni miye, docteur."

"Basi ukisema, utasema kwamba ulidanganya. Na mudanganyifu hafanyake kazi mu labo. Uko na batoto batatu, sivyo?"

Alinyamaza miaka mitatu. Alinunua soko la Kadutu miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma, akatoa vioo vyeusi, akabakiza vyeupe. Wagonjwa walimwita Maman Soudeur na walimpenda. Mwezi wa Septemba mwaka huu, daktari alimwamuru aivue, kwa kuwa haikuwa kwenye orodha.

Tarehe 5 Novemba mgonjwa alimkoholea usoni. Tarehe 8 jicho lake la kulia lilikuwa jekundu. Tarehe 9 na 10 alipimwa puani, hakuonekana na kitu, na kwa mujibu wa waraka alikuwa mzima. Tarehe 11, siku ya Jumatatu, aliagizwa kurudi kazini, akarudi akihema. Tarehe 12 alisimama mbele ya kioo cha chooni, Carine akishika taa ya simu, akajipima jicho mwenyewe. Kirusi kilikuwepo. Alilazwa tarehe 13, akafariki Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, saa nne asubuhi. Cheti kinasema udhaifu wa moyo. Familia inaujua moyo ule na inakataa.

Alituomba jambo moja: asizikwe kama mdanganyifu, na wenzake warudishiwe miwani. Sasa hawezi tena kufukuzwa kazi. Kurasa kumi na mbili za daftari la kijani zimechapwa katika programu hii ya misa, kati ya wimbo wa kuingia na wimbo wa matoleo, pamoja na waraka 014 na sahihi yake, ambayo inasomeka vizuri. Nakala mia nne zimegawanywa hapa. Nyingine zimetumwa Kinshasa, kwa wale wale waliomsikiliza daktari na kumpigia makofi. Hatumwombei mabaya. Tunamwombea wasomaji.

Maman Apolline ameacha mume, Papa Gaston; watoto watatu, Nathalie, Bienfait na Emmanuella; mama mzazi; kaka mmoja, Emile; na Carine, ambaye alifundishwa naye kutazama.

Umetazama vya kutosha, Apolline. Funga macho, pumzika katika amani ya Bwana.

Daktari Hervé ametuma shada la maua na udhuru. Tangu Jumatatu jicho lake la kushoto ni jekundu, na puani hakuonekana na kitu. Juzi Jumanne alileta maabarani sampuli yake mwenyewe, na kwenye fomu, kwa mkono wake, alikuwa ameandika: "pua ya juu".