Nywele za Binti wa Welda

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la kinyozi, mguu wake mmoja umekatika na kuwekewa tofali. Kinyozi mwenyewe tunamwita Sifuri, kwa sababu umwombe mtindo wowote ule, utatoka pale kichwa kimebaki sifuri. Balbu ni mwalimu mstaafu. Kichwa chake kinang'aa tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na ndiye anayekuja na chupa ya kahawa. Mimi natengeneza baiskeli hapo pembeni, kwa hiyo ni Pancha. Wa nne ni Welda, mchomelea mageti, karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Jitu la miraba minne, vidole kama koleo. Alhamisi moja kabla ya adhuhuri alivuka barabara na kitana mkononi, akakiweka katikati ya vikombe vyetu. Nusu ya meno ya kitana hayapo.

— Hiki cha tatu, akasema. Wiki mbili tu.

Tulijua habari yake. Mkewe alisafiri kwenda kumuuguza mama yake, akamwachia binti yao wa miaka tisa. Yule mtoto ana nywele bwana! Nyingi, zimejikunja kama springi. Ukizivuta zinafika kiunoni, ukiziachia zinaruka hadi mabegani. Mama yake kazilea miaka minne. Na mama anarudi Jumamosi.

— Kila asubuhi nazichana, kila asubuhi zinakatika, Welda akasema. Nikimaliza, sakafu imejaa. Mtoto analia, mimi natoka jasho kama niko kwenye moto. Leo kaenda shule na kitambaa kichwani. Sifuri, akirudi mchana, nyoa. Zitaota upya.

Sifuri hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikuwa keshaanza kufuta mashine.

— Hebu subiri, Balbu akasema. Jumamosi mama mtu akiuliza, utamwambia nini?

— Nitasema alipata chawa.

— Chawa wa wapi?

— Wa kwa Sifuri.

— Ebo! Sifuri akaruka. Usiniharibie biashara!

Balbu akanywa kahawa taratibu, kama mtu anayeanza kipindi darasani.

— Tatizo lako ni maji. Nywele zikilowa zinaoza, kama mbao. Mimi nilikuwa nazo mpaka hapa, akagusa bega. Nilizichana kavu, mara tatu kwa siku, bila huruma.

— Na sasa ziko wapi? nikamuuliza.

— Zilistaafu kabla yangu.

Nikaona na mimi nisaidie.

— Cheni ikikauka inakatika. Mpake grisi, Welda. Kidogo tu, mzizi hadi ncha.

— Mtoto si baiskeli, Pancha.

— Nimesema kidogo.

— Nyote hamjui kitu, Sifuri akadakia. Nywele zinajikunja kwa sababu ya mawazo. Mtoto akisoma sana, akili inajaa, inasukuma nje, nywele zinajisokota. Ndiyo maana mimi nawapunguzia watu mzigo.

— Yaani ukinyoa watu unawatoa akili? Balbu akauliza.

— Sijawahi kupata malalamiko.

— Watalalamika na nini, wakati akili umeshaifagia?

Tukacheka, isipokuwa Welda. Balbu akazidi kupanda: mtoto alazwe miguu ukutani, kichwa chini, damu ishuke ikavute nywele kwa ndani. Sifuri akasema hapana, dawa ni kumtisha kidogo kila asubuhi, kwani nywele zikisimama kwa hofu hunyooka zenyewe. Welda akawa anakigeuzageuza kile kitana.

— Mimi niliwaza, akasema polepole, chuma kikijikunja si unakipasha moto?

Sote tukamgeukia. Hata Sifuri aliweka mashine chini.

— Niliwaza tu! Sikufanya!

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja amesimama nyuma yetu na sufuria iliyong'oka mkono. Alikuwa anamsubiri Welda, na inaelekea alikuwa amesikia yote.

— Samahanini wazee wangu, akasema. Mtoto mwenyewe anasemaje?

— Kuhusu nini? Welda akauliza.

— Si nywele zake? Mama yake alikuwa anazichanaje?

Tukatazamana. Balbu akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Welda alitazama viatu vyake. Wiki mbili, kila asubuhi, na hakuwahi kuuliza.

Yule mama hakuondoka. Aliketi na sufuria yake mapajani, akasema hana haraka.

Mtoto alipotokea na mkoba wa shule, aliona mashine kando ya Sifuri, akasimama pale pale barabarani. Akashika kitambaa chake kwa mikono miwili.

— Njoo, mama, Welda akamwita binti yake. Hunyolewi. Nataka kukuuliza kitu. Mama alikuwa anaanzaje?

Mtoto akasogea hadi kwenye benchi, kitambaa bado kakishika.

— Analowesha kwanza. Anapaka mafuta. Halafu anatumia vidole. Hicho kitana chako ni cha ndevu, baba.

— Mbona hukuniambia?

— Hukuuliza. Na ukikishika unakuwa umeshakasirika.

Welda akaweka kitana pembeni. Kisha akakaa kwenye benchi, akamweka mtoto kwenye kiti kifupi mbele ya magoti yake. Sifuri alileta chupa ya kupulizia maji na mafuta ya nazi anayowapaka wateja vipara. Na mtoto akawa fundi, sisi vibarua.

— Gawanya mafungu manne. Usianzie juu, baba, fundo linakaza. Anza kwenye ncha.

Vile vidole vinavyopinda nondo vikaanza kufungua fundo moja baada ya jingine, polepole, kama anachambua nyuzi za shaba. Balbu alisimama kando, raba za nywele kutoka mkoba wa mtoto zimejaa vidoleni. Mimi nilikuwa wa kupulizia maji.

— Usikaze raba. Na usiku nafunga ile skafu ya mama inayoteleza.

— Ipi?

— Ile unayofutia miwani ya kuchomelea.

Yule mama wa sufuria alicheka mpaka akafuta machozi.

Ncha zilikuwa zimechanika, na hapo Sifuri akapata kazi: akate kiasi cha ukucha, basi. Mtoto alishika kioo ili kumchunga. Sifuri alitamani kuendelea, lakini alikata kiasi hicho tu, akaacha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake. Lile zoezi lilichukua saa nzima na ushee, likatoa mikia minne ya kusokota, mmoja umepinda kidogo. Sakafuni palikuwa na nywele za kujaza kijiko, na hakuna aliyelia. Sufuria ikachomelewa bure.

Jumatatu Welda alichelewa kuja kijiweni. Tulimbana mpaka akasimulia.

Mkewe alifika Jumamosi, akaweka mzigo mlangoni, akamvuta mtoto na kumshika kichwa hata kabla ya salamu.

— Nani kakusuka?

— Baba.

Akamtazama mumewe, akatazama ule mkia uliopinda, akacheka mpaka akaketi juu ya sanduku.

— Kisha? Balbu akauliza.

— Kisha nini?

— Kisha ikawaje, bwana!

Welda alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Akafungua kitambaa chake. Alisema kule kwa mgonjwa hakupata hata siku moja ya kujichana. Akaja akakaa chini, mbele ya magoti yangu.