Muzee Sikuli, Mwenye Kupima Selle ya Kila Mutu

Hii karatasi ya kuaga Muzee Sikuli Kahongya ingeweza kuandikwa na mutu mumoja tu mu koperative yetu ya kahawa, ni mimi Malachie, magasinier, mwenye kuchunga stoo, mwenye kushikilia hii nyumba na mikono mbili tangu ilikuwa na mabati tatu. Ba-directeur ine balikuja, bakaenda. Hapana hata mumoja alikata shauri kubwa bila kupita ku dépôt yangu. Donc musikilize. Muzee Sikuli alitumika kwetu myaka makumi mbili na kenda, na anapumuzika kazi tarehe 31 ya mwezi wa tano, 2025.

Alianza mu atelier, karakana yetu ya Butembo, na kle moja ya kufungulia buloni na pompe ya kuazima. Bakati ule kinga, njo kusema baiskeli, ilikuwa miguu ya bamonita: bapande mpaka Alimbongo, bashuke mpaka Beni, kuangalia kahawa ya bakulima. Kinga zilikuwa saba, batu makumi mbili, kila mutu na zamu yake. Mimi mwenyewe siku moja nilishuka mulima wa Alimbongo bila frein, ni kusema bila breki, nikapita camion tatu, na dereva wa camion ya tatu akanitolea kofia.

Hapana mutu alitoka ku barrière ya mulangoni bila Sikuli kumupima. Unaweka kwapa juu ya selle, kiti ya kinga, unanyoosha mukono kufwata chuma. Ncha ya vidole ifike pale pedale zinazungukia. Kisha unakaa, kisigino ku pedale ya chini, muguu unyooke. Ya guidon, usukani, ni kiwiko: unakigusisha ku pua ya selle, vidole vifike ku chuma ya kushikia. Kama vinapita ao havifike, anakamata kle. Mwisho anachora duara ku chuma ya selle na verni ya kucha ya bibi yake, Mama Orpa. Rangi yako, urefu wako. Kesho unashusha ao unapandisha mpaka ku rangi yako, unaenda.

Na rangi ya mutu haikutajwa. Alisema kipimo cha mutu ni kama ugonjwa wake kwa munganga. Batu balikisia tu, zaidi rangi ya njano, yenye ilikuwa karibu kabisa na selle, ya mutu mufupi kuliko bote. Falonne wa secrétariat aliuliza ku cantine mbele ya batu: «Huyu wa njano, mama yake anajua kama alitoroka masomo?» Tulicheka, mimi kwa sauti kubwa zaidi. Sikuli akapangusa kle yake.

Mama Emérence, monita wetu, alitaka kuacha kazi juu ya magoti. Sikuli akamupandishia selle vidole viwili, mama akatumika myaka kumi na moja tena. Mama Tamar wa Beni, kule commune ya Ruwenzori, mikono ilikuwa inakufa ganzi njiani. Akamuinulia guidon, ganzi ikaisha. Hapana rapport hata moja iliandika ile.

Chenye baliandika ni hiki. Mwezi wa tatu 2023, selle ya kinga namba 7 ilipotea. Rapport ikasema iliibiwa mu atelier, mukononi mwa Sikuli. Directeur akaita soudeur, na selle zote zikachomelewa urefu moja, eti urefu officiel, mwizi asiweze kuchomoa. Sikuli aliangalia ndani ya bomba ya namba 7, akaona mikwaruzo. Akasema: «Hapana mwizi. Mutu alipandisha kupita alama.» Bakamuuliza ni nani. Akanyamaza, juu kusema ni nani ilikuwa kutaja rangi yake. Na juu ya kunyamaza ile, bakamutoa mu atelier, bakamuweka ku barrière.

Myaka mbili fundi huyu anainua muti, anashusha muti. Mama Emérence anamupita pale mbele, magoti juu juu kama panzi, na hapana mumoja kati yao anajua aangalie wapi. Mama Tamar aliacha kinga, anatembea na miguu. Na mu dossier ya mutu mwenye hakupoteza hata buloni moja, maneno iko pale: selle imeibiwa. Leo banamupa zawadi, kinga mupya, selle imechomelewa ku urefu officiel. Sikuli ni mutu murefu. Atarudi kwake Alimbongo magoti ikipiga guidon, na sisi tutapiga mikono.

Muzee Sikuli, aksanti kwa magoti yetu na migongo yetu. Ufike salama, kahawa yako izae, na Mama Orpa sasa apake verni ku kucha zake mwenyewe.

Na wewe directeur, ufute yale maneno mu dossier. Hapana mwizi aliingia mu atelier. Asubuhi ile Falonne alikuwa ku dirisha, na mimi nikapandisha selle ya namba 7 vidole sita, anione niko juu. Iling'oka ku mutelemuko wa muto Kimemi, ikaingia mu mayi, nikarudi ninasukuma kinga, suruali imepasuka nyuma. Rapport, ni mimi niliandika. Rangi ya njano ni yangu.