Usimsemeshe Verlin

Ndugu waombolezaji, marehemu Verlin Stidham alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 katika Kijito cha Paw Paw, milimani mashariki mwa Kentucky, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Harlan na Bi. Dovie Stidham, na kabla hatujafika mbali familia inaomba radhi kwamba historia hii haitampamba, kwa kuwa mwenyewe alikataza, akimwambia mpwa wake Reva, anayewasomea hapa, "Binti, ukinifanya malaika mbele ya watu wanaonijua watacheka, na mimi sitakuwepo kujitetea."

Alisoma shule ya hapo hapo kijitoni, akamaliza sekondari mwaka 1962 kwa alama ambazo hakupata kuzitaja, na kuanzia 1964 hadi alipostaafu mwaka 1995 aliendesha lori la maziwa, bila kuchelewa wala kumwaga. Tarehe 6 Juni 1967 alifunga ndoa na Bi. Oleta Fugate, ambaye yuko nasi kiti cha mbele, wakajaliwa watoto wawili, Darrell na Twila.

Baada ya kustaafu, marehemu alishinda nyumbani akimfundisha mkewe namna ya kuosha vyombo, mpaka Bi. Oleta alipochoka, akamnunulia gobore la kuunganisha mwenyewe, lile la kushindilia baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu, akamwambia, "Haya baba, toka jikoni kwangu." Wakajiunga wote wawili na klabu ya gobore masika ya 1996, na hapa ndipo habari inapoanza kuwa chungu, kwani Bi. Oleta alihudhuria mafunzo ya wanaoanza kila Jumamosi, akajifunza kwa mwalimu wao, Bwana Ansel Tackett, kwamba ni baruti nyeusi tu na kamwe si ya kisasa, ambayo itapasua mtutu, kwamba baruti hutiwa kwanza kwenye kipimo wala haimiminwi mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia, kwamba miwani huvaliwa hata na mwenye kiburi, na kwamba mpangilio haubadiliki: baruti, kitambaa, risasi, mdeki wa kushindilia uingie, mdeki utoke, fataki ya kuwashia mwisho. Marehemu hakwenda hata mara moja, maana alikuwa ameshatangaza dukani kwamba akina Stidham huzaliwa na gobore mkononi, jambo ambalo halikuwa kweli, babu yake alikuwa fundi viatu na aliogopa hata fataki za sikukuu.

Tarehe 18 Mei 1996, siku ya kufungua msimu, marehemu alisimama mstarini, akamimina, akashindilia, akapachika fataki, akafyatua, na moshi ulipotawanyika watu wote wakaona mdeki wake, ile fimbo ya kushindilia, umechomeka kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, ukitetemeka kama mkia wa mbwa, kwa kuwa aliusahau ndani ya mtutu. Kicheko kikapanda mlima. Bwana Ansel akauliza, "Verlin, leo tunawinda kwa mikuki?" na marehemu, mwekundu hadi masikioni, akamnyooshea kidole mkewe, aliyekuwa kando yake akingoja zamu, akasema, "Oleta huyu! Amenisemesha nikipakia!"

Sheria ya klabu inajulikana, anayemsemesha mpakiaji anaondoka mstarini. Bi. Oleta akalilaza gobore lake, akaenda kukaa kwenye meza ya kupakulia maharage na mkate wa mahindi, na hapo akakaa miaka kumi na tisa. Mdeki ukatundikwa ukutani klabuni kama ilivyo desturi, na chini yake kibao chenye jina la Oleta, si la mumewe, na "Usimsemeshe Verlin, mama!" ikawa ndiyo salamu ya kila aliyepeleka sahani. Mwanzoni marehemu aliwashinda wote kwa kucheka, kisha akacheka kidogo, kisha akawa anaingia klabuni kwa mlango wa nyuma ili asipite mbele ya ukuta ule. Alikuja kuwa mlengaji hodari, akashinda zawadi za Krismasi za mapaja ya nguruwe, akayala kama anayetafuna karatasi.

Januari 2015 mapafu yake yalianza kushindwa, na Agosti, akiwa kitandani, alimwita mkewe mbele ya watoto na Reva, akasema, "Oleta, hukunisemesha siku ile."

Bi. Oleta, akikunja shuka, akajibu, "Ningekusemesha vipi, mzee? Nilikuwa na kitambaa mdomoni."

Kila mpiga gobore aliyeketi hapa anajua kwamba kitambaa cha kuvisha risasi hulowekwa kwa mate, na mwenye kitambaa mdomoni hasemi. Shavu la Bi. Oleta siku ile lilikuwa limevimba mchana kweupe, watu walimwona, ila hakuna aliyetaka kuharibu kicheko, kwa hiyo aibu hii, ingawa ya marehemu ndiyo kubwa, si yake peke yake, na familia imo, nasi tulikula maharage yale tukicheka. Marehemu alipomuuliza mkewe kwa nini alinyamaza miaka yote, Bi. Oleta alisema, "Nilikuwa nakungoja wewe." Marehemu alilia, akaagiza haya yasomwe leo, kwa kuwa alimchafua hadharani na hakupata ujasiri wa kumsafisha hadharani.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Oktoba 2015, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsaidia kupumua, majirani walioleta pai hadi tukakosa pa kuziweka, madereva wenzake wa maziwa, na klabu, hasa Bwana Ansel, ambaye jana aliushusha mdeki kwa mikono yake na kukibandua kile kibao. Kaburini magobore yatalia bila risasi, na la kwanza atalipakia Bi. Oleta. Tunaomba asisemeshwe.

Mjomba, mdeki wako umo jenezani kama ulivyoagiza, na safari hii jina lililoandikwa juu yake ni lako. Pumzika sasa, mdeki umetoka.