Kizunguzungu cha Faruku, Fundi Paa

Pale Lisekese, pembeni ya gereji ya pikipiki, pana benchi la kahawa na watu wasiokubali kushindwa kwa maneno. Hamudi, mwenye gereji, wanamwita Injinia. Mzee Lameck, aliyestaafu ukarani wa kanisa, ni Katibu mpaka leo. Wa tatu ni Faruku, fundi paa, na asubuhi hiyo alikaa shingo imenyooka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Wiki ya tatu hajapanda ngazi. Akiwa juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, za darasa moja huko Lupaso, aliinua uso kutazama ubao wa juu, mbingu ikamzunguka kama pia ya watoto. Akakumbatia mbao mpaka mbingu ilipotulia, akashuka kwa makalio, akasingizia malaria. Sasa mwenye kazi alikuwa anaulizia fundi mwingine.

— Hiyo presha, Baba Maryam, — Katibu alimwambia Faruku.

— Nimepima mara mbili, Katibu. Haina neno.

— Basi ni salfa, ile dawa ya unga. Umepita kwenye mikorosho wanapuliza. Salfa inapanda kichwani, inaganda hukohuko.

— Salfa gani! — Injinia aliweka spana chini. — Huyu si alikuwa anajenga Newala kabla ya Lupaso? Kule juu mlimani dunia inakwenda mbio kuliko huku kwetu. Ukingo wa tairi si unakimbia kuliko kitovu? Mwili umeshuka, kichwa bado kiko Newala.

— Watu wa Newala mbona hawapepesuki? — Katibu akauliza.

— Wamezoea!

— Hapana bwana, — Katibu akakata. — Mnara wa simu huo. Bati linanasa mawimbi, fundi akilishika, mtandao mzima unapita mwilini mwake.

— Ndiyo maana simu yake haikosi mtandao!

Wakacheka. Faruku hakucheka. Kulikuwa na jambo hajamwambia hata mkewe Faidha. Kaka yake alianza na kizunguzungu vilevile, na kabla ya jua kuzama mkono wa kulia ukafa. Kiharusi. Kila alfajiri Faruku alikunja vidole kimoja kimoja kabla ya kufumbua macho. Na mtaani wameshaanza kusema anakunywa, yeye ambaye hajaonja tone.

Mwanamke kijana aliyekuwa anasubiri pikipiki yake izibwe pancha alisogea.

— Shikamooni wazee. Naitwa Huruma, nimehamia hospitali juzi, kitengo cha mazoezi tiba. Samahani, nimewasikia. Hicho kizunguzungu kinamshika akifanya nini?

Wiki tatu Injinia na Katibu walizungumza habari za Faruku, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

— Nikigeukia kulia kitandani, — Faruku akajibu mwenyewe, taratibu. — Na nikiinua uso.

— Kinakaa muda gani?

— Hakifiki dakika. Nikitulia kinaisha.

— Ulimi kuwa mzito? Kuona viwiliviwili? Mkono au mguu kulegea?

— Hata siku moja.

— Ungesema ndiyo, tungekimbia hospitali sasa hivi. Njoo kesho.

Kesho yake, daktari alipomaliza kumpima, Huruma alimketisha kitandani, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza ghafla, kichwa kikining'inia kidogo. Chumba kikamzunguka. Faruku alimng'ang'ania mkono.

— Usifumbe macho, baba. Vizuri. Ni sikio lako hili.

Akamweleza kwamba ndani ya sikio mna chembe ndogo kuliko chumvi, zinazousaidia mwili kujua umekaaje. Zake zilitoka mahali pake zikaingia kwenye mrija wenye maji. Akigeuka, zinayatibua, na ubongo unadhani mtu mzima anazunguka.

— Si kiharusi?

— Si kiharusi.

Faruku akajifuta uso, akasema ni jasho. Huruma akamgeuza kichwa upande wa pili, akasubiri, akamlaza ubavu, akasubiri, kisha akamketisha, ili chembe zirudi mahali pake. Walirudia wiki iliyofuata.

Mzunguko ulikwisha, ila miguu ilibaki haina uhakika, hivyo akapewa mazoezi: kutembea huku anageuza kichwa, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Aliyafanya palepale gereji, mchana kweupe. Injinia akajaribu, akafumba macho kwa mbwembwe, akatumbukia kwenye beseni la maji ya pancha. Wiki ya tatu ya mazoezi Huruma alimruhusu Faruku kupanda ngazi. Alimwambia pia kwamba kizunguzungu kinaweza kurudi, na kikirudi asikae nacho. Faruku akaenda Lupaso, akamkuta mwenye kazi bado hajapata fundi mwingine, akapaua darasa lake, wala hakusingizia malaria tena.

Jioni moja Katibu alimfuata nyumbani peke yake.

— Baba Maryam. Yule binti wa hospitali anakuwepo siku gani?

— Jumatatu na Alhamisi. Kwani vipi?

Mzee akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti.

— Huu mwaka wa pili nashika ukuta nikienda msalani. Nimeanguka mara mbili. Mke wangu, Mama Erasto, hajui.

Faruku hakumpa nadharia yoyote.

— Alhamisi twende wote. Nitakushika mkono.

— Usinishike mbele za watu, — alisema Katibu. — Tembea karibu tu.